Maswali na Majibu: Rangi Zinapopotea kwenye King'amuzi

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa usiku, na tangu siku hiyo king'amuzi changu cha dishi kinaonyesha picha nyeusi na nyeupe katika chaneli zote, ingawa sauti ni safi na picha haigandi. Ninatumia televisheni ya chogo. Fundi amekuja mara mbili kugeuza dishi. Rangi hazijarudi, na sasa hata baadhi ya chaneli nilizokuwa nazo zimepotea. Je, ninunue LNB mpya (kile kipokezi kilicho mbele ya dishi)? (Msomaji wa Muheza)

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Usinunue LNB, na ninakusihi dishi lisiguswe tena kwa sababu ya rangi. Matangazo ya setilaiti hufika kwako kwa mfumo wa dijitali, ambamo mwangaza na rangi za picha husafiri pamoja katika mkondo mmoja wa tarakimu. Mkondo huo ukidhoofika, kwa mvua kubwa au kwa dishi lililosogea, picha huganda, hukatika vipande vya mraba, au hutoweka kabisa. Haibaki safi huku ikiwa imepoteza rangi tu. Mazoea ya kutafuta rangi juu ya paa yametoka enzi za analojia, wakati ishara dhaifu ilileta chenga na kweli iliweza kufifisha rangi. Jijini Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, lakini mazoea yamebaki, na wenye nyumba wanaendelea kuyalipia.

Anza na jaribio lisilohitaji bisibisi. Bonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti ya king'amuzi, kisha fanya hivyo hivyo kwa rimoti ya televisheni. Ikiwa menyu ya televisheni ina rangi na ile ya king'amuzi haina, kioo cha televisheni yako ni kizima, na kasoro huenda iko katika mipangilio ya king'amuzi au katika waya unaoviunganisha viwili hivyo. Ikiwa menyu zote mbili zina rangi na ni chaneli moja tu iliyopauka, basi chanzo ni kituo kinachorusha, na huna la kufanya ila kusubiri.

Kwa dalili ulizozieleza, ninaamini king'amuzi chako kilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani umeme ulipokatika, na sasa kinatoa picha kwa mfumo wa NTSC badala ya PAL, ambayo ni mifumo miwili tofauti ya kubeba rangi za televisheni. NTSC ya rangi ilipitishwa Marekani mwaka 1953. PAL ilibuniwa Ujerumani na mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, ikaanza kutumika hewani mwaka 1967, na ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki. Zanzibar, ambayo televisheni yake ilianza moja kwa moja kwa rangi mwaka 1973, iliitumia hiyo hiyo. Katika waya wa njano, ule unaopeleka picha kutoka king'amuzi hadi televisheni, PAL hupakia rangi kwenye masafa ya megahezi 4.43, na NTSC ya Marekani kwenye megahezi 3.58. Mifumo yote miwili iliundwa ili hata televisheni za zamani zisizo na rangi ziweze kupokea picha, na kwa hiyo televisheni yako isipoikuta rangi mahali inapoitegemea, huizima na kuonyesha mwangaza peke yake. Hiyo ndiyo picha ya kijivu unayoiona.

Fungua mipangilio ya king'amuzi, tafuta sehemu ya mfumo wa televisheni, na chagua PAL. Baadhi ya rimoti zina kitufe chenye herufi P/N kinachofanya kazi hiyo kwa mbonyezo mmoja, jambo linaloeleza kwa nini rangi hupotea pia katika nyumba zenye watoto wadogo. Picha ikizunguka kiasi cha kutosomeka, azima kwa jirani televisheni bapa ya kisasa, ambayo kwa kawaida hukubali mifumo yote miwili, ubadilishe mpangilio hapo, kisha urudi kwenye ya kwako. Angalia pia mipangilio ya televisheni yenyewe, ili mfumo wa rangi uwe PAL au otomatiki. Rangi zisiporudi, jaribu waya mwingine wa njano ulio mfupi, kwa maana katika waya mrefu au uliochakaa masafa ya juu ndiyo hufifia kwanza, na rangi iko huko.

Kuhusu chaneli zilizopotea, fundi alirudishe dishi lilipokuwa, akitazama kipimo cha ubora wa ishara kwenye menyu badala ya kipimo cha nguvu pekee.

SWALI: Mhariri, nimenunua televisheni bapa. Nikichomeka waya wa njano wa king'amuzi kwenye tundu la kijani, kwa kuwa sioni tundu la njano, napata picha isiyo na rangi. Duka linasema televisheni ni nzima. (Msomaji wa Mombasa)

JIBU: Duka linasema kweli, dada. Katika televisheni nyingi za sasa tundu la kijani hutumika kwa kazi mbili, na mara nyingi utaona duara la njano au neno Video kando yake. Ukichagua AV kwenye orodha ya vyanzo, televisheni huupokea waya wa njano pamoja na rangi zake. Ukichagua Component, yaani picha inayoletwa kwa waya tatu, tundu hilo hilo husoma mwangaza tu, kwa sababu katika mfumo huo rangi hutegemewa kutoka matundu ya bluu na nyekundu, ambayo kwako yako wazi. Badilisha chanzo, na waya uache ulipo.

King'amuzi chako kikiwa na HDMI, tundu la waya mmoja wa dijitali unaobeba picha na sauti, tumia hiyo. Ikitokea huko picha ina uwaridi au ukijani kila mahali, vifaa viwili havikuelewana kama rangi zinatumwa kwa RGB au kwa YCbCr, njia mbili za kuandika rangi kwa tarakimu: chomoa, chomeka tena vyote vikiwa vimezimwa, na tatizo likiendelea chagua RGB kwenye king'amuzi.

SWALI: Kona ya chini ya televisheni yangu ya chogo ina baka la zambarau katika kila chaneli. Je, king'amuzi kinakufa? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Hapana. Baka lisilohama unapobadilisha chaneli liko kwenye kioo, na karibu kila mara chanzo chake ni sabufa iliyowekwa ubavuni. Sumaku ya spika huutia usumaku wavu wa chuma ulio nyuma ya kioo, na miale ya rangi huangukia mahali pasipo pake. Isogeze sabufa umbali wa mita moja, zima televisheni kwa swichi yake kuu, si kwa rimoti, na uiache ipoe kwa nusu saa. Ukiiwasha, koili iliyozunguka kioo itaondoa sehemu ya sumaku hiyo. Rudia mara kadhaa kwa siku mbili. Baka likibaki, mwambie fundi akague koili hiyo na kipande kinachoiendesha. Wewe usifungue mfuniko wa nyuma, hata waya wa umeme ukiwa umechomolewa, kwa sababu kioo cha chogo huhifadhi volti zaidi ya 20,000.