Ndama wanaharisha tena mwezi mmoja baada ya dawa ya minyoo

Ndugu, umesema ndama wako walinyweshwa albendazoli na mwezi haujaisha wanaharisha tena, manyoya yamesimama. Pengine dawa ilifanya kazi. Albendazoli na levamisoli huua minyoo iliyomo mwilini wakati huo tu, hazibaki kumkinga ndama. Akirudi kwenye nyasi zilezile anameza viluwiluwi vipya (watoto wa minyoo), na baada ya wiki 3 hivi minyoo inataga tena. Sindano ya ivamektini hukinga kama wiki 2 au 3, kutegemea aina ya mnyoo.

Tafadhali usirudie dozi kwa kukisia, minyoo itazoea dawa. Pima uzito wa ndama ili dozi ilingane nao, peleka kinyesi maabara kikahesabiwe mayai. Ukiona fizi nyeupe au uvimbe chini ya taya, mwite daktari wa mifugo leo hii.