Uliza maji yao yalitoka wapi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na swali la mjukuu wangu nimelisoma: shuleni kwao huko Uingereza wameambiwa waandike ni nani walikuwa wameendelea zaidi, Waazteki au watu wa Ulaya ya zama za kati. Wewe unataka nikupe jibu la mstari mmoja. Kana kwamba hunijui.

Mimi naanza na maji. Mmekua mkilisikia hili mpaka mkawa mnaniigiza mezani: ukitaka kuujua mji, uliza maji yao ya kunywa yanatoka wapi na uchafu wao unakwenda wapi. Habari za wafalme baadaye.

Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Mexico ya leo, ilianzishwa mwaka 1325 kisiwani, ndani ya ziwa Texcoco, na maji ya ziwa lile yalikuwa ya chumvi. Ya kunywa yaliletwa kutoka chemchemi za Chapultepec kwa mifereji miwili iliyojengwa sambamba, mmoja ukisafishwa mwingine unatiririka. Mafuriko ya 1449 yalipouumiza mji, Nezahualcoyotl, mtawala wa mji jirani wa Texcoco, alisimamia ujenzi wa tuta refu ziwani, likatenga maji ya chumvi na maji baridi. Kinyesi? Kilipakiwa kwenye mitumbwi kikauzwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nachora ubaoni siku ile alipoingia mkaguzi. Baba yako hulisimulia kwa kicheko. Mimi halijanichekesha hadi leo. Ziwa nilikuwa nimelipaka chaki ya buluu, nikachora barabara za kuingilia mjini na madaraja yake ya mbao yanayoondolewa adui akija. Watoto wa nyuma walikuwa wamepanda juu ya madawati wapate kuona. Mkaguzi akapekua andalio langu la somo, akauliza, "Mwalimu, haya yatatoka kwenye mtihani?" Nikasema hapana. Akachukua kifutio mwenyewe. Akaanzia ziwani.

Ningemwambia, laiti ulimi ungenitii, kwamba mwaka 1521 jeshi la Cortés, kamanda wa Wahispania, lilipoizingira Tenochtitlan, miongoni mwa mambo ya kwanza lilivunja mfereji wa Chapultepec. Yeye Cortés alikuwa ameuona mji ule kabla ya vita, akamwandikia mfalme wake kwamba ni mkubwa kama Seville na Córdoba. Alijua pa kushika.

Lakini ngoja, nisije nikawaonea Wazungu. London nao walianza kuvuta maji kwa mabomba ya risasi tangu 1245. Na hao Waazteki wangu walichinja watu juu ya hekalu lao kuu, siwezi kulifunika hilo kwa sababu tu mifereji yao ilinipendeza. Ila mwaka 1349, tauni ikiwa inakaribia Strasbourg, Wayahudi wa mji ule walichomwa moto kwa kusingiziwa kwamba wametia sumu visimani. Unaona? Maji tena. Kila nikitaka kumpa mmoja ushindi, mwingine ananivuta kanga.

Mwambie mjukuu wangu jambo moja asilikosee: asiandike kwamba Wahispania mia kadhaa waliiangusha Tenochtitlan peke yao. Watlaxcala, majirani wa Waazteki, walikuwa wamechoshwa na vita vya Waazteki miaka mingi, wakaingia upande wa Cortés kwa maelfu. Merikebu zake 13 za kupigania ziwani zilitengenezwa kwao, zikafunguliwa vipande vipande, na wao ndio waliozibeba mabegani kuvuka milima. Halafu ndui. Ilipiga mji mwaka 1520, ikamuua hata mtawala Cuitláhuac kabla mzingiro haujaanza. Mji ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521, watu wakiwa wanakunywa maji ya chumvi.

Kama mwalimu wake atamlazimisha achague, basi aseme... hapana. Baba yako amesimama nyuma yangu anasema nisimfanyie mtoto kazi ya shule. Achague mwenyewe, mradi maji yawe aya ya kwanza. Na akichora ramani, ziwa alipake buluu, wewe unipigie picha unitumie kabla hajaikabidhi.

Mama yako