Mtungi wa resini na floridi ya Njoro

SWALI: Injinia, hujambo? Naishi Njoro, na hapa nyumbani tunatumia maji ya kisima kirefu. Meno mapya ya mjukuu wangu yanaota yakiwa na madoa ya kahawia. Muuzaji mmoja aliniuzia mtungi uliojaa chembechembe za plastiki, akaniambia zinanasa madini yote, hata floridi. Je, mtoto yuko salama sasa? – Nyanya, Njoro

JIBU: Sijambo, nyanya. La, hayuko salama. Mtungi huo hauipunguzi floridi, madini ambayo yakizidi kwenye maji hutia meno madoa kama hayo, na naomba uache kumpa maji hayo kuanzia leo.

Chembechembe hizo ni resini, polima ya kiwandani, yaani aina ya plastiki, ambayo kwa kawaida ni polistirini. Kila punje ina sehemu zenye chaji hasi zilizoshikilia sodiamu. Ioni za metali, yaani chembe zake ndogo mno zilizoyeyuka majini, zina chaji chanya, kwa hiyo maji yakipita huingia na kuitoa sodiamu: kalisiamu moja hutoa sodiamu mbili. Risasi hushikwa kwa nguvu kuliko kalisiamu. Chuma nacho hunaswa, mradi kiwe bado kimeyeyuka. Kikishakuwa kutu huziba punje. Resini ikijaa kalisiamu huoshwa kwa maji ya chumvi, ikaanza kazi upya. Kwa metali hizi ni kifaa hodari. Zipo hata polima zilizowekewa salfa ili kunasa zebaki, nami natamani sana zifike Kakamega na Migori, ambako wachimbaji wadogo husafishia dhahabu kwa zebaki.

Floridi si metali. Chaji yake ni hasi, na hasi kwa hasi hufukuzana. Resini za chaji chanya zipo, lakini salfeti na kloridi, ambazo nazo zina chaji hasi, huwahi nafasi, floridi ikabaki nje.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji alipaswa kulijua. Floridi yetu hutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa na kalisiamu kidogo, kwa sababu zikikutana hugandamana na kutuama. Huenda basi mtungi wako hauna kazi kubwa hata kwa hiyo kalisiamu, na hiyo kidogo unayoinasa unaibadilisha kwa sodiamu, ambayo haimfai mwenye shinikizo la damu.

Kinachofaa ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, na fosfeti ya kalisiamu iliyomo hushika floridi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imetengeneza vichujio hivi kwa miaka mingi. Usijichomee mwenyewe: ukichomwa vibaya hutoa maji yenye harufu na rangi. Mkaa huo pia huchoka, kwa hiyo uliza utabadilishwa lini. Wakati unatafuta kichujio, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi yatamfaa mtoto kwa kunywa, uji na chai, baada ya kuchemshwa. Kuchemsha maji ya kisima hakusaidii. Maji hupungua, floridi hubaki.

Madoa yaliyokwisha kutokea hayatafutika kwa kubadilisha maji. Meno yanayoendelea kujengeka ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8, ndiyo tunayoweza kuyaokoa.

Peleka maabara chupa mbili za plastiki, moja ya maji kabla ya mtungi na nyingine baada yake. Omba wapime floridi, kalisiamu na sodiamu. Kikomo cha floridi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nitumie majibu, tujue kichujio cha ukubwa gani kitawatosha.