Mfupa dhaifu ukivunjika, damu ndiyo hutangulia

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Tumeambiwa ana osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kukonda na kuwa dhaifu. Mfupa wake utaunga kweli?

Marahaba. Utaunga, mtoe hofu. Mifupa mingi yenye ugonjwa huu huunga, ila inaweza kuchukua muda zaidi, na ikihitaji skrubu, skrubu hazishiki vizuri kwenye mfupa uliokonda.

Nimesoma kwamba osteoporosisi hupunguza vichocheo vya mishipa ya damu. Mishipa na mfupa vinahusiana nini?

Vinahusiana sana, na nafurahi umeuliza, maana watu wengi huuwazia mfupa kama kitu kikavu. Mfupa umejaa damu. Ukivunjika, mishipa yake hukatika, damu humwagika na kuganda palepale kwenye pengo. Ndani ya donge hilo oksijeni hupungua, na upungufu huo ndio unaozifanya seli zitoe kichocheo kinachojulikana kwa kifupi VEGF. Kazi yake ni kuita mishipa mipya ichipue kuelekea kwenye jeraha.

Kisha gegedu laini huziba pengo. Mishipa inapolipenya, huleta oksijeni, madini na seli zinazojenga mfupa, na gegedu taratibu hugeuka mfupa mgumu. Mishipa isipofika, kazi hukwama hapo.

Sasa osteoporosisi inaingiaje? Estrojeni husaidia kukuza VEGF, na baada ya ukomohedhi homoni hiyo hushuka. Panya walioondolewa ovari, ambao ndio hutumika sana kuuchunguza ugonjwa huu, wakivunjika hutengeneza mfupa mpya kidogo na mishipa michache. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walieleza vishipa vya aina ya H, ambavyo seli changa za kujenga mfupa hukusanyika kandokando yake; katika panya wanaozeeka, vishipa hivyo hupungua sana. Kwa hiyo mgonjwa anakabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: mfupa mwepesi, na njia chache za kuupelekea mahitaji. Zingatia tu kwamba ushahidi mwingi hapa ni wa wanyama, na katika matibabu ya kawaida hatupimi VEGF ili kujua mfupa utaunga lini.

Basi kwa nini mama asidungwe hiyo VEGF?

Si tiba iliyoidhinishwa kwa mfupa uliovunjika. Huvunjwavunjwa haraka mwilini, ikizidi huifanya mishipa ivuje, na uvimbe wa saratani nao huitumia kujiotesha mishipa. Usikubali kuuziwa.

Baba amevunjika muundi na bado anavuta. Anasema sigara ni ya mapafu, haihusiani na mguu.

Inahusiana moja kwa moja. Nikotini hubana mishipa midogo, ileile inayotafuta njia ya kufika kwenye pengo. Monoksidi ya kaboni nayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mifupa ya wavutaji huchelewa kuunga, na mingine haiungi kabisa. Mketishe mzee, mweleze kwa upole, na umsaidie kuacha sasa hivi wakati mfupa ungali unajengwa.

Mimi nilivunjika mkono; plasta imetolewa na mkono hauumi. Nimemaliza?

Umemaliza na mkono, ugonjwa bado. Hili linaniuma, kwa sababu wengi huruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu yeyote kuwauliza kwa nini walivunjika. Kama umevuka miaka 50 na ulivunjika kwa kuanguka tu kutoka kusimama, omba kipimo cha DEXA, eksirei inayopima wingi wa madini kwenye mfupa. Alama yake (T-score) ikiwa -2.5 au chini ni osteoporosisi. Zipo dawa za kundi la bisfosfoneti zinazopunguza kasi ya mwili kuubomoa mfupa, na kwa kawaida hazizuii mfupa kuunga. Teriparatidi, sindano ya kila siku, huchochea ujenzi wenyewe. Muulize daktari wako ipi inakufaa, uliza pia kuhusu kalsiamu na vitamini D, na anza mazoezi ya mkono huo mapema kadiri atakavyokuruhusu.