Barua za Wasomaji: Vitabu Vitoke Kabatini

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu, na karibu zote ni za maktaba za shule za msingi. Tumezichagua nne.

SWALI: Shule yetu ina vitabu vya hadithi kama 300. Vimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, kwa sababu vilipoazimwa mara ya mwisho vingi havikurudi. Watoto waviona kupitia kioo tu. Tufanyeje?
*Mwalimu wa Gredi ya 4, Matondoni*

JIBU: Mwalimu, kitabu kilichopotea angalau kuna aliyekisoma. Kilichofungiwa kitaliwa na mende kikiwa kipya.

Usiombe kabati zima, mkuu atakataa. Omba vitabu 60 kwa darasa moja la watoto 40, kwa muhula mmoja. Vikiwa 40 kamili, mtoto wa mwisho kwenye foleni hana la kuchagua, hubebeshwa kilichobaki na hakisomi. Kila kitabu kiandikwe namba mara mbili: kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa wa 17, au wowote wa ndani mtakaokubaliana, maana kurasa za mwanzo ndizo huchanika kwanza.

Daftari la kuazima liwe na safu nne: tarehe, jina la mtoto, namba ya kitabu, tarehe ya kurudi. Daftari la safu tisa hujazwa wiki mbili kisha likaachwa. Chagueni siku moja isiyobadilika. Alhamisi yafaa kuliko Ijumaa, ambayo mchana wake hukatwa na swala. Watoto wawili wa Gredi ya 6 wanaweza kuandika, mwalimu akapitia tu.

Faini msitoze. Mzazi akisikia kuna faini humkataza mwanawe kuazima, na anayekatazwa mara nyingi ni yule asiye na kitabu hata kimoja nyumbani. Aliyepoteza asubiri wiki mbili, kisha aazime tena. Vitabu vingi haviibwi. Hubaki chuoni, yaani madrasa, baada ya masomo ya alasiri, huchanwa na wadogo, au hulowa njiani. Mfuko wa kitambaa wenye namba ya mtoto, hata wa kanga kuukuu, hupunguza hasara hiyo kuliko onyo lolote.

Tena, msingoje watoto wavipende vitabu wenyewe. Dakika 15 kabla ya kuazima, mwalimu asome hadithi moja kwa sauti na kuisimamisha inapokolea. Kitabu hicho kitagombaniwa. Kwa hiyo usisome chenye nakala moja ukiwa na chenye nakala nne.

SWALI: Mjukuu wangu yuko Gredi ya 2. Kitabuni pameandikwa *njia*, yeye asoma *ndia*. *Macho* asoma *mato*. Mwalimu humkatiza kila mara, na sasa hataki kushika kitabu. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, chamharibia kusoma?
*Nyanya yake, Langoni*

JIBU: La, Bibi. Lugha iliyobeba tenzi za kale haimharibii mtoto kusoma. Huyo ameliona neno *njia*, amelielewa, kisha akalitamka kama mnavyolitamka nyumbani. Angesoma *njaa* hapo, ndipo tungesema amekosa, kwa kuwa maana imepotea. Kipimo ni kumuuliza: huyo mtu alipita wapi? Akijibu sawasawa, amesoma.

Kumkatiza ndiko kunakomdhuru. Msomaji mchanga husoma polepole, na akisimamishwa katikati ya sentensi, afikapo mwisho amesahau mwanzo. Mwalimu angoje ukurasa uishe, kisha aliguse neno kwa kidole: "Hapa pameandikwa *njia*, nasi twasema *ndia*." Mara moja yatosha. Kwenye kuandika ni jambo jingine, huko afunzwe *njia* na *macho*, kwa sababu mtihani utataka hivyo.

Huenda pia vitabu anavyopewa ni vigumu. Asome ukurasa mmoja huku akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Ngumi ikifumba, kitabu hicho kingoje. Ukurasa ukiwa na maneno machache, chini ya 20, vidole viwili vyatosha kukikataa. *Ndia* na *mato* havikunjiwi kidole.

SWALI: Maktaba yetu imo katika nyumba ya mawe ya zamani. Kila masika vitabu huota kuvu. Na sanduku moja liliingia maji ya bahari likivushwa kutoka Mokowe. Vinaokolewa?
*Mwalimu, Lamu mjini*

JIBU: Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa polepole, na chumvi iliyomo huvuta unyevu zaidi. Rafu isiuguse: acheni nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma yake, na rafu ya chini iinuke sentimita 15 kutoka sakafuni. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zapendeza kwa kuonyesha majalada ya vitabu viwili vitatu vya wiki, si kwa kuhifadhi. Msivibane vitabu; kidole kipite kati yao. Msivifunike kwa nailoni ya kubana, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Karatasi ya kaki hupumua.

Vilivyoota kuvu vitengeni, visimamishwe wazi kivulini penye upepo hadi vikauke kabisa, ndipo mpanguse kwa brashi laini, nje, pua na mdomo vimefunikwa. Kuvu mbichi ikipanguswa hupakaa na kuingia ndani ya karatasi. Jua kali hupinda majalada.

Vya maji ya bahari havianikwi hivi hivi. Kila kimoja kichovywe kikiwa kimefungwa kwenye ndoo ya maji safi, ili chumvi itoke. Ikibaki, kitabu kitavuta unyevu miaka yote. Kisha wekeni karatasi za kunyonya maji kila baada ya kurasa kumi, mkizibadilisha zikilowa. Mna kama saa 48 kabla kuvu kuanza. Vyenye kurasa za kung'aa vitangulie, kwa sababu zikikauka zimeshikana, hazibanduki tena.

SWALI: Vijidudu vya rangi ya fedha, vyenye nyuzi tatu mkiani, vyala vitabu vyetu. Tuweke vidonge vya nondo?
*Mzazi, Shela*

JIBU: Hapana. Harufu yake ni sumu, na chumbani mna watoto. Muombeni mfanyabiashara wa samaki nafasi kwenye friza. Vitabu vifungwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni, hewa ikakamuliwa, vikae wiki mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri. Mkivitoa msifungue mifuko kwa siku nzima: jasho la baridi litakaa juu ya nailoni badala ya kurasa.