Nimetolewa polipu mbili kwenye utumbo mpana, je ndo kansa imeanza?

Swali: Nina miaka 52. Nilifanyiwa kolonoskopi (kile kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana) wakatoa polipu mbili, ripoti ya maabara inasema moja ni adenoma ya tubula milimita 8 yenye displasia ya kiwango cha chini, nyingine ni haipaplastiki milimita 3 kwenye rektamu. Daktari kasema nirudi baada ya miaka 7. Tangu nisome hilo neno displasia silali vizuri. Ni kansa? Na kama ni hatari mbona anasema miaka 7 yote hiyo? Na wanangu wapime?

Jibu: Pole sana dada, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hapana, hiyo sio kansa, na hiyo adenoma yenyewe, yaani polipu (kinyama) ya aina inayoweza kugeuka kansa baadaye, haipo tena mwilini mwako, ilishatolewa.

Displasia maana yake seli zimebadilika sura na mpangilio zikiangaliwa kwa hadubini. Ila watu wengi hawaambiwi kwamba kila adenoma ina displasia, bila hiyo isingeitwa adenoma kabisa, kwa hiyo hilo neno hawajakuandikia wewe kama onyo la pekee. Tunachoangalia ni kiwango. Cha chini ndo cha kawaida, cha juu kinatufanya tuwe makini zaidi, na hata hicho cha juu bado hatukiiti kansa. Kwenye utumbo mpana tunasema kansa pale seli zinapokuwa zimepenya utando wa ndani na kuingia tabaka la chini yake, submukosa, kwa sababu huko ndiko zinapata mishipa ya kusambaa nayo. Hapo ndo mstari ulipo, na wewe hukuufikia.

Ile ya haipaplastiki (seli zimeongezeka tu, hazina displasia) ya milimita 3 iliyokuwa rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo, wala usiiwazie, za hivyo ndogo za huko chini hazina tabia ya kugeuka kansa. Ila zina ndugu zao wanaoitwa seretedi, hizo ni bapa, mara nyingi ziko upande wa kulia wa utumbo, zimefunikwa na ute kiasi kwamba hata daktari mzoefu anaweza kuzipita asizione, na hizo zinaweza kuleta kansa. Ndo maana mimi nasisitiza sana usafi wa utumbo siku ya kipimo, ile dawa ya kuharisha inachosha kweli, nalijua hilo, lakini utumbo usiposafishika vizuri kipimo kinakuwa nusu nusu.

Sasa kwa nini miaka 7. Adenoma nyingi hazigeuki kansa hata zikiachwa, na zile chache zinazogeuka huchukua muda mrefu, kwa kawaida miaka 10 hivi au zaidi, seli inakusanya hitilafu za jeni moja baada ya nyingine, mara nyingi inaanza na jeni ya APC. Hatari inapanda kwa vitu vitatu: saizi kuanzia milimita 10, aina ya vilasi, yenye umbo la vidole vidole (au mchanganyiko wake na tubula, ile yenye umbo la mirija kama yako), na displasia ya juu. Wewe huna hata kimoja. Idadi nayo ina uzito wake. Mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema adenoma 1 au 2 za tubula zilizo chini ya milimita 10 zikishatolewa zote, mtu arudi baada ya miaka 7 hadi 10. Zikiwa 3 au 4 ni miaka 3 hadi 5. Zikiwa 5 hadi 10, au hata moja ikiwa kubwa au ya vilasi au ina displasia ya juu, ni miaka 3, na zikizidi 10 ni mwaka 1. Kwa hiyo daktari wako hajakupuuza, kakupa upande mfupi wa kundi lenye hatari ndogo.

Na kuzitoa kunasaidia kweli, sio kukufariji tu. Kuna watu walitolewa adenoma Marekani wakafuatiliwa miaka mingi, matokeo yakatoka 2012, vifo vya kansa ya utumbo mpana vilikuwa pungufu kwa asilimia 53 ukilinganisha na vilivyotarajiwa kwenye jamii.

Ila hiyo miaka 7 inashika tu kama utumbo ulikuwa msafi, kamera ilifika mwisho kabisa kwenye sikamu (pale utumbo mpana unapoanzia), na adenoma ilitoka yote. Omba nakala ya ripoti ya kolonoskopi yenyewe (sio ya maabara peke yake) uangalie hayo yameandikwa, na uitunze, maana daktari atakayekuona baadaye ataihitaji. Na ukianza kuona damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu au kuambiwa una upungufu wa damu wa madini ya chuma, usisubiri hata mwezi, nenda.

Wanao hawahitaji kuwahi kwa sababu ya adenoma yako ndogo, wapime kwenye umri wa kawaida, ambao Marekani sasa ni miaka 45. Ingekuwa kubwa au ya vilasi, au kuna mzazi wao au ndugu yao wa kuzaliwa aliyewahi kuugua kansa ya utumbo mpana, hapo hesabu inabadilika, wanaanza wakiwa na 40 au miaka 10 kabla ya umri ambao huyo ndugu yao aligundulika, kinachotangulia. Hilo la ukoo hukuliandika dada, ulizia nyumbani halafu umwambie daktari wako.