Hewa "hutengana" na bawa, au hubanduka?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu ndege zinazokwenda kasi kuliko sauti. Nimeandika "shinikizo lisilo imara la uso katika hewa iliyotengana, na namna ya kulizuia". Mhariri anasema haelewi kitu. Nimekosea wapi?

JIBU: Nami niliisoma mara tatu. "Shinikizo la uso" lilinipeleka moja kwa moja kwa daktari! Lakini tuanze na "iliyotengana", maana hapo ndipo penye utamu.

Kutengana kunataka wawili: mume na mke, mafuta na maji. Hewa yako imetengana na nani? Kinachotokea ni kwamba tabaka jembamba la hewa linalosuguana na bawa hupoteza mwendo. Likifika kwenye wimbi la mshtuko, yaani mpaka mwembamba unaozuka hewa inapokwenda kasi kuliko sauti, ambako shinikizo hupanda ghafla, hushindwa kusonga mbele, likainuka na kuliacha bawa. Huko ni kubanduka, kama rangi inavyobanduka ukutani. Mwanafizikia Mjerumani Ludwig Prandtl alilieleza tabaka hilo huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1904, na Wajerumani huliita tukio lenyewe Ablösung, yaani kubanduka hasa. Sisi tunalo tayari: bandika, bandua, banduka.

"Lisilo imara" ni la meza mbovu. Hapa wimbi huyumbayumba mbele na nyuma, shinikizo chini yake likapanda na kushuka tena na tena, hadi bati la ndege huweza kuchoka na kupata nyufa. Kiswahili kwa jambo la kujirudia hurudufu kitenzi: linalobadilikabadilika.

Neno "shinikizo" lenyewe libaki. Vitabu vya fizikia vina kanieneo (kani juu ya eneo), watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo. Chagua moja tu, basi.

"Kulizuia" nako umeahidi makubwa. Prandtl alionyesha mwaka huohuo kwamba kunyonya hewa kupitia mpasuko huchelewesha kubanduka. Siku hizi hupachikwa pia vibawa vidogo vinavyokoroga hewa, ili ile yenye kasi ishuke kulisukuma tabaka lililochoka. Hizo ni mbinu za kuchelewesha na kupunguza, na "kudhibiti" hubeba yote mawili.

Mimi ningeandika: "shinikizo linalobadilikabadilika juu ya bawa pale hewa inapobanduka, na namna ya kulidhibiti".